Siku Kumi na Saba Bila Jibu

Vijana wa kitengo cha habari, mliniaga vizuri. Keki ilikuwa na jina langu, Tausi, kitenge mlichonipa kimeshashonwa, na hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida yetu. Mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nikaanza kuandika mambo matamu ya kuwapamba. Juzi, nikiwa nyumbani Kasingirima, nikafungua blogu ya shirika kwenye simu nione mnaendeleaje. Chini ya habari ya kisima kipya nikakuta msomaji anauliza kama maji yale yameshapimwa. Ameuliza mara tatu, na mara ya tatu ameandika kwa herufi kubwa. Hakuna aliyemjibu. Nikaichana ile karatasi ya mambo matamu, na hii ndiyo mnayoisoma.

Vyeo na mishahara sitavisimulia, maana vyeo vilikuwa vichache na mshahara mnaujua. Nilianza kazi miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia Kigoma kwa miguu na kwa mitumbwi, kisha wa Zaire wakafuata. Nilikuwa na cheti cha uhazili na viatu vipya vilivyonibana. Walinipeleka dawati la kutafuta ndugu, chini ya Mzee Ntabaye, Muha wa Kasulu aliyekuwa amestaafu ualimu na hakuwahi kuacha sauti ya darasani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga chapa orodha za majina na kuzibandika kwenye ubao mkubwa nje ya ofisi.

Siku ya kwanza niliujaza ubao wote. Nilipanga karatasi zikanyooka, nikarudi nyuma hatua tatu kuzitazama kwa fahari. Mzee Ntabaye akatoka, akatazama, akaanza kubandua. Alibandua mpaka nusu ya ubao ikabaki tupu.

"Hii nusu si yetu," akasema. "Ni yao."

"Wao wana orodha gani, Mzee?"

"Binti, tukiandika sisi peke yetu, tutajuaje tumekosea?"

Akafunga penseli kwa uzi kwenye msumari. Kila asubuhi, kabla ya chai, tulisoma ile nusu ya pili mstari kwa mstari. Tulichokijua tulikijibu palepale chini ya swali. Tusichokijua tuliandika kwamba hatujui, na kwamba tunauliza. Penseli iliibiwa kila wiki, naye kila wiki alifunga nyingine bila kulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote wawili.

Mwezi wa pili nilikuta mtu ameandika kwenye nusu ile, mkabala na orodha ya marehemu: "Namba kumi na moja ni mimi. Sijafa." Nilicheka. Mzee Ntabaye hakucheka. Alimtafuta yule mtu mpaka akampata, akamwomba radhi mbele ya foleni nzima, kisha akanituma niandike ombi hilo la radhi kwa mkono wangu na kulibandika juu ya orodha. Mke wa yule bwana alikuwa ameshaanza kukaa matanga kambini. Kama ubao ungejaa karatasi zetu tu, angemaliza na arobaini.

Mzee Ntabaye alistaafu, akarudi shambani kwake. Kompyuta zikaja, tukazifunika vitambaa vya kufuma kama redio za zamani. Umeme wa majenereta wa Kigoma ulikuwa ukikatika pale hasa ulipokuwa hujahifadhi ulichoandika. Ndipo nikasikia habari za blogu. Nilijifunza kwenye kibanda cha intaneti mjini, kwa kijana aliyenitoza kwa dakika na kuongea polepole makusudi, nikaifungua blogu ya shirika kwa mkono wangu na kwa jina langu. Hilo la jina langu mlikumbuke, maana litanirudia vibaya.

Miaka ile ya mwanzo nilijibu maoni yote isipokuwa ya waganga wa kurudisha wapenzi. Ilinichukua saa moja kila asubuhi. Niliandika kwamba boti ya Kagunga huondoka mchana, nahodha mmoja akaandika chini yake kwamba inaonekana sijawahi kupanda boti maishani. Nikamjibu kwamba nimepanda, ila nilitapika sana, sikuangalia saa. Akatoa saa sahihi, nikarekebisha habari na kumtaja. Kuanzia siku hiyo akawa anatuletea habari za ziwani bure: boti ipi imeharibika, wapi kuna watu wamekwama. Hakuna semina iliyowahi kunipa mtu wa namna hiyo.

Ninyi mnasema hamna muda wa kujibu wasomaji. Mna muda wa kuchagua picha tisa za mkurugenzi akikata utepe. Msomaji anayeacha shughuli zake, anatumia bando lake, anaandika mistari minne kukwambia kitu kuhusu habari yako, amekufanyia kazi. Ukimnyamazia umemfukuza, na atakwenda kuwaambia wenzake kwamba pale hakuna mtu.

Kisha makao makuu wakatuletea meneja wa mawasiliano. Nitamwita Bwana Lusekelo, ingawa hilo si jina lake, kwa sababu naye ana watoto. Alikuwa kijana msafi, mwenye shati jeupe lililoshinda vumbi la Kigoma, jambo ambalo mpaka leo sijui alilifanyaje. Wiki ya kwanza akaagiza maoni yote yazuiwe mpaka yeye ayaidhinishe, naye atayapitia mwisho wa mwezi.

"Mwisho wa mwezi?" nikauliza.

"Kwa ajili ya ripoti. Tunahitaji idadi yao."

"Na wanaouliza?"

"Bi Tausi, sisi tunatoa habari. Hatuendeshi kijiwe."

Nimtendee haki: hoja yake haikuwa ya kijinga. Kulikuwa na watu walioandika matusi mabaya juu ya wakimbizi, na wengine wakileta ugomvi wa kwao Burundi mpaka kwenye ukurasa wetu. Matusi yanazuiwa, sikatai. Lakini yanazuiwa na mtu anayesoma. Yeye alizuia bila kusoma, akaita huo ni utaratibu. Nilimwandikia mara mbili kupinga. Mara ya tatu sikuandika. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na miaka mitatu kabla ya kustaafu, na nikajiambia kwamba amri ni amri. Nahodha wangu alituma maoni mawili, akaambiwa na kompyuta kwamba yanasubiri kuidhinishwa, akatuacha.

Ukaja mwaka ule Warundi walipojaa Kagunga. Mnaukumbuka wenyewe: kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, watu wamelala mpaka kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, mitumbwi ikiwapeleka kidogokidogo kwenye meli iliyosimama mbali na ufukwe. Meli iliwaleta Kigoma, wakapumzishwa kwenye uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini upande wa Kasulu. Mimi nilikuwa uwanjani na kamera yangu ndogo tangu asubuhi. Nilipiga picha ya bibi mmoja aliyekaa juu ya furushi lake, mkono mmoja umeshika dumu la njano, anatazama kamera kama anayemdai mtu maelezo. Nikamuuliza kama naweza kuitumia, akakubali. Jioni nilichukua orodha ya basi, nikaona jina lake, nikaandika chini ya picha kwamba amepelekwa kambini Kasulu.

Sikumwona akipanda basi. Niliona jina kwenye orodha tu. Nimefanya kazi hii tangu enzi za penseli kwenye uzi, na bado nikafanya kosa la mwanafunzi.

Siku ya kumi na saba baada ya habari ile kutoka, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliingia ofisini, miguu imejaa vumbi jekundu la Kasulu mpaka magotini. Alisimama mbele ya meza yangu, akanionyesha simu. Ilikuwa ile picha.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi."

"Naitwa Konsolata. Huyu ni mama yangu, Venansia. Mimi ni fundi cherehani Mwanza. Tangu vurugu zianze kule kwetu, simu yake haipatikani. Nimemtafuta Kasulu siku tano, kila kanda, kila foleni ya maji. Hayupo. Hajawahi kuwapo."

Nikaanza kumweleza mambo ya orodha, jinsi watu wanavyobadilishana mabasi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Niliwauliza. Nilipoiona picha tu, niliandika hapo chini. Nikasema, kama si kweli mniambie kabla sijapanda basi. Nikangoja wiki nzima. Mngeandika hata kwamba hamjui, ningebaki Mwanza nipige simu huku na huku. Mmekaa kimya, nikadhani basi, ni kweli, la sivyo wangesema. Nimeacha nguo za watu za harusi zimelala mezani."

Nilikaa kwenye kompyuta. Blogu ilikuwa ya jina langu, nimewaambia. Bwana Lusekelo alikuwa ameniagiza nisiuguse ukurasa wa maoni, lakini hakuwahi kunifungia mlango. Siku zote kumi na saba kidole changu kingetosha. Nikafungua. Maoni sitini na manne yalikuwa yanasubiri.

La Konsolata lilikuwa la siku ya pili. "Bibi wa picha ya tatu ni mama yangu. Je, ni kweli yuko Kasulu? Kama si kweli niambieni kabla sijapanda basi." Chini yake alikuwapo mganga anayerudisha wapenzi. Na chini ya mganga, la siku ya nne: "Huyo bibi hakupanda basi, alipelekwa hospitali ana homa. Sasa yuko Buzebazeba kwa Mama Zawadi muuza dagaa. Anamtafuta binti yake Konsolata, fundi cherehani, yuko Mwanza, namba yake ilipotea na simu. Mwenye habari apige namba hii."

Someni tena, polepole. Swali na jibu lake, vimetenganishwa na mganga mmoja, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, hatua nne kutoka mahali ninapokunywa chai. Konsolata hakuweza kuona la yule mtu, yule mtu hakuweza kuona la Konsolata, na sisi tulioweza kuona yote mawili tulikuwa tunangoja mwisho wa mwezi ili tuyahesabu. Konsolata alisoma akiwa ameinama begani kwangu. Akanakili ile namba kiganjani. Nilitamani anipigie kelele.

Tulipiga ile namba, tukaenda mtaani Buzebazeba palepale. Mwandishi wa maoni alikuwa fundi simu mwenye meza barazani kwa Mama Zawadi. Mama Zawadi alikuwa akimuuguza dada yake hospitali, akamkuta bibi kitanda cha jirani, na aliporuhusiwa bibi hakuwa na pa kwenda kwa kuwa basi lake lilishaondoka. Akamchukua kwake.

"Mama, mimi nilitupia komenti ile siku bibi alipojiona kwenye simu yangu," fundi akaniambia. Alikuwa na hasira na hakuificha. "Kila asubuhi alikuwa anakuja hapa kuuliza, wamejibu? Namwambia bado. Nina-rifreshi mpaka bando linakata. Ninyi kule ofisini mnakuwaga wapi?"

"Yuko wapi sasa?" Konsolata akauliza.

Mama Zawadi alitoka ndani akifuta mikono kwenye khanga. "Ndiye wewe? Ee Mungu wangu. Ameondoka juzi, mwanangu. Alisema kama hujajibu siku zote hizi, basi ulivuka kwenda kumtafuta yeye, na bado uko upande wa kule. Akapanda boti ya Kagunga. Anataka kurudi Burundi akutafute. Nimemlilia abaki, amekataa kabisa."

Watu walikuwa wanakimbia kule ili wasife, na bibi wa miaka sabini alikuwa njiani kurudi kwa sababu blogu yangu haikuidhinisha mistari minne. Nilimpigia simu Bwana Lusekelo aliyekuwa kwenye semina Dar es Salaam. Akasema tungoje Jumatatu, arudi, tulijadili. Nikamwambia boti haingoji Jumatatu. Akasema, "Bi Tausi, usiguse chochote." Nikakata simu yangu mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe, na nikarudi ofisini.

Nilitoa maoni yote hadharani isipokuwa ya matusi na ya waganga. Chini ya la Konsolata nikaandika kwamba tulikosea, mama hakwenda Kasulu, ameonekana mara ya mwisho akipanda boti ya Kagunga, tunaomba aliye Kagunga atusaidie leo. Juu ya habari yenyewe nikaandika masahihisho kwa herufi nene. Kisha nikaanza kujibu mengine. Mtu aliuliza wapi apeleke nguo za watoto. Mtu alisema idadi ya mahema tuliyoitaja si kweli, na alikuwa sahihi. Nilijibu bila kunyanyuka, na Konsolata amekaa kwenye kiti cha wageni akitazama mlango kana kwamba jibu litaingia kwa miguu.

Jibu lilikuja kabla hatujafunga ofisi, kutoka kwa mwanamke anayeanika dagaa Kagunga: "Huyo bibi yuko hapa kwetu. Wenye mitumbwi wawili wamekataa kumvusha, wa tatu amekubali kumchukua kesho mchana. Nitamzuia mpaka mfike, lakini ni mkaidi."

Tuliondoka na boti ya kwanza asubuhi. Nilitapika kama kawaida yangu. Bibi Venansia alikuwa amekaa ufukweni juu ya furushi lilelile, dumu la njano miguuni, amempa mgongo yule mwanamke aliyekuwa akimzuia. Alipomwona Konsolata hakunyanyuka. Walisalimiana kwanza, salamu nzima, kama watu waliokutana sokoni. Kirundi chao mimi Muha nakisikia bila mkalimani. Bibi akasema, "Nilikuandikia." Konsolata akasema, "Nami nilikuandikia, mama." Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili na hapo ndipo wote wawili walipoanza kulia. Mimi nilikwenda kusimama kwenye maji. Aibu ilikuwa inanichoma usoni, sikutaka wanione, na sikustahili kushirikishwa katika furaha ile.

Mngedhani tulijifunza. Wiki iliyofuata Bwana Lusekelo alirudi, akanipa barua ya onyo, kisha akaandika habari mwenyewe. Kichwa chake kilisema kwamba blogu yetu imeunganisha mama na mwana. Ndani yake shirika lilipokea taarifa, shirika likafuatilia, shirika likafanikiwa. Bibi Venansia aliitwa Veronika. Mama Zawadi hakutajwa, wala fundi simu, wala yule mwanamke wa Kagunga aliyemzuia bibi kwa mikono yake. Na chini kabisa, mahali pa maoni, palikuwa pamefungwa.

Konsolata alinipigia akiwa Mwanza. Nilisikia cherehani ikizunguka, na nyuma yake sauti ya mama yake ikimwelekeza jambo fulani.

"Shikamoo, mama. Nimeisoma ile habari. Jina si lake. Na aliyempata si ninyi."

"Najua, mwanangu."

"Nataka kusema. Nimeshuka mpaka chini, hakuna pa kuandikia. Niandike wapi?"

Bwana Lusekelo alikuwa mezani kwake, hatua sita kutoka kwangu, ananitazama. Nikamwambia Konsolata asubiri kidogo. Nikafungua ukurasa, nikafungua maoni, nikamwambia ajaribu sasa. Cherehani ikanyamaza. Baada ya dakika chache likatokea:

"Mama yangu anaitwa Venansia. Aliyemlaza na kumlisha ni Mama Zawadi wa Buzebazeba. Aliyeandika alipo ni fundi simu wa barazani kwake. Aliyemzuia asirudi vitani ni mwanika dagaa wa Kagunga. Ofisi hii ilikuwa na habari zote, na kwa siku kumi na saba haikufungua kusoma."

Bwana Lusekelo alikuwa ameshanyanyuka na kuanza kuja. Nikaandika chini yake, "Yote ni kweli. Tausi," nikabofya.